Unga Uliosahaulika Nyuma ya Kabati

Jumamosi moja bomba la chini ya sinki lilianza kudondosha maji, ikabidi nitoe kila kilichokuwa ndani ya kabati kabla fundi hajafika. Zikatoka sufuria zisizo na mifuniko, ikatoka mifuniko isiyo na sufuria, na nyuma kabisa, kule ambako mkono hufika kwa kupapasa tu, ukatoka unga. Wa namna tatu. Pakiti ya unga mweupe wa ngano ambayo haijafunguliwa, tarehe yake imepita miezi saba. Mfuko wa unga wa ngano usiokobolewa, mdomo umekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo, tarehe yake bado miezi miwili. Na ndoo ndogo ya plastiki yenye unga wa mahindi niliouhamishia humo siku nisiyoikumbuka, haina tarehe wala maandishi yoyote.

Mwenzangu alipita, akatazama meza, akasema neno moja: "Tupa."

Nikampigia mama simu, kama nifanyavyo kila ninapotaka jibu lingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Una chekeche?"

"Ninalo."

"Sasa unaniuliza nini? Chekecha, tumia. Unga si nyama useme utaoza."

Kwa hiyo mezani nina unga wa namna tatu na kichwani nina hukumu mbili. Nilichogundua kabla siku haijaisha ni kwamba hao wawili, pamoja na kupingana kwao, wanakosea mahali pamoja. Kila mmoja ana kipimo kimoja cha kupimia kila kitu: mwenzangu tarehe, mama chekeche. Lakini unga hauharibiki kwa njia moja. Unaweza kuharibiwa na mafuta yake wenyewe, ukaharibiwa na wadudu, ukaharibiwa na maji, na mara nyingine ukawa na tatizo tangu ulipotoka kinuni, siku ile ile uliponunuliwa ukiwa mpya kabisa. Nyingi kati ya njia hizo zina dalili zake, na mbaya zaidi ndizo zisizo na dalili.

Niseme mapema ili nisimchoshe mtu kwa kungoja: nilitupa miwili, nikabakiza mmoja. Uliobaki ni ule uliopitwa na tarehe.

Nianze na huo basi. Tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya unga kwa kawaida ni ya ubora. Mtengenezaji anasema: hadi siku hii naahidi utakuwa na ladha na nguvu niliyokusudia, ilimradi umeuweka pakavu na pasipo joto. Haina maana kwamba usiku wa manane siku hiyo sumu inaingia. Ni tofauti kabisa na tarehe ya maziwa au nyama, ambayo ukiivuka unacheza na afya yako. Tena tarehe ile haijui kabati lako. Haijui kama ulifungua pakiti jana au mwaka jana, wala kama uliiweka juu ya jiko ambako mvuke hupanda kila siku. Iliandikwa kiwandani na mtu anayewaza juu ya pakiti iliyofungwa.

Kwa nini unga mweupe unavumilia? Jibu limo ndani ya punje. Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda la nje ambalo likisagwa tunaliita pumba, wanga wa katikati ambao ndio sehemu kubwa, na kiini, yaani ile sehemu ndogo ambayo mche ungechipukia. Kiini ni asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito wa punje, lakini humo ndimo yamejaa mafuta. Unga mweupe ni wanga uliokwishaondolewa pumba na kiini, kwa hiyo mafuta yake ni kama gramu moja katika kila gramu 100. Na kwa kuwa mafuta ndiyo ya kwanza kuchacha, unga usio na mafuta mengi hauna haraka ya kuharibika. Pakiti iliyofungwa, pakavu na pasipo joto kali, hukaa mwaka mzima na mara nyingi hupitiliza. Zamani haikuwa hivyo. Mawe ya kusagia yalikuwa yanaponda kila kitu pamoja, kiini kikatoa mafuta yake ndani ya unga, na unga ukawa kitu cha kusagwa na kutumika. Ni mitambo ya rola za chuma, iliyoenea katika miaka ya 1870 na 1880, iliyoweza kukitenga kiini kwa ustadi na kwa bei nafuu. Unga ukapata maisha marefu, mlaji akapoteza vitamini. Biashara ile bado tunaiishi.

Kuna jambo jingine ambalo waokaji wanalijua na sisi wengine hatulijui: unga mweupe uliotoka kusagwa leo si bora kuliko wa mwezi uliopita. Unakuwa na umanjano kidogo na donge lake linalegea. Ukikaa wiki kadhaa ukipata hewa, oksijeni inaupausha na donge linapata nguvu. Kwa hiyo unga kuwa na umri si kosa. Suala ni umri huo unga umeupitishia wapi.

Nikaikagua pakiti. Kwanza kwa nje: mikunjo ya chini na pale gundi ilipobandikwa, maana wadudu hupenda kuingilia hapo, na vijitundu vyao huonekana ukiinua pakiti kwenye mwanga. Hakuna kitu. Hakuna doa la maji pia, karatasi ni kavu na inapiga kelele ukiibonyeza. Nikaifungua, nikamwaga vikombe viwili kwenye sinia jeusi, nikausawazisha kwa mgongo wa kisu hadi ukawa laini kama ukuta uliopigwa lipu, nikauacha nusu saa. Hii ni mbinu ya zamani na ni nzuri: kama kuna kitu kinachoishi humo, hakitulii. Utakuta vijia, vishimo, nyufa, sehemu zilizoinuka. Nikarudi nikakuta uso ule ule niliouacha. Nikaunusa: haunuki chochote, ambavyo ndivyo unga mweupe unavyopaswa kunuka. Ukapona.

Mfuko wa pili ndio ulionishangaza, kwa sababu ulikuwa na haki zote. Tarehe bado. Wadudu hakuna. Rangi nzuri ya kahawia. Ila nilipoachia kibanio na kusogeza pua, nilipokelewa na harufu ya kalamu za rangi za mtoto, zile za nta, ikichanganyika na harufu ya karanga zilizosahaulika kwenye kopo. Haikuwa kali. Ni ile harufu ambayo ukiwa na haraka unajiambia ni ya mfuko.

Si ya mfuko. Ni mafuta ya kiini. Ngano nzima ikisagwa, pumba huja na vimeng'enya vinavyovunja mafuta, na oksijeni inaendelea pale vimeng'enya vilipoishia. Joto linaharakisha yote mawili. Ndiyo maana unga usiokobolewa huhesabiwa kwa miezi: kama mitatu kabatini, kama sita kwenye friji, na zaidi kwenye friza. Mfuko wangu ulikuwa umefunguliwa muda mrefu, umekaa jirani na jiko, na tarehe yake ikaendelea kusema kila kitu ni shwari. Unga wa mahindi usiokobolewa nao una tabia hiyo hiyo, maana kiini cha hindi ni kikubwa na kina mafuta mengi kuliko cha ngano. Unga wa karanga, wa nazi na wa mbegu zozote za mafuta ndio usiseme.

Ukiwa na shaka na pua yako, kuna njia ya kuisaidia. Weka vijiko viwili vya unga kwenye glasi, mimina maji ya moto, koroga, funika kwa kisahani dakika tatu au nne, kisha funua na unuse papo hapo. Joto huinua harufu ambayo unga mkavu huificha. Ukipata unga mpya wa aina hiyo hiyo ukaufanyia vivyo hivyo kwenye glasi ya pili, utacheka jinsi tofauti inavyojitangaza. Usiuonje ukiwa mbichi. Sababu yake nitaifikia.

Je, unga uliochacha unadhuru? Kwa mtu aliyekula mara moja, kwa kawaida hapana. Vitamini E imepungua, ladha imeharibika, na basi. Lakini nina kesi nao ya zamani. Miaka kadhaa nyuma niliwaokea wageni mkate wa ngano nzima, nikautia asali, nikautia ufuta, nikajisifu kabla haujapoa. Mgeni wa kwanza alitafuna akanyamaza. Wa pili akaomba maji. Nilipouonja mwenyewe, mwanzo ulikuwa mtamu, kisha nyuma ya koo ukaja uchungu ambao haukuondoka hata kwa chai. Niliilaumu hamira. Nikaitupa hamira, nikanunua nyingine, na wiki iliyofuata nikaoka kwa unga ule ule uchungu ule ule. Nadhani hiyo ndiyo hasara halisi ya unga wa namna hii: hauui mtu, unapoteza mayai, siagi, asali, gesi, na heshima ya mpishi. Huo mfuko nikautupa bila majonzi.

Sasa tumfikie mama na chekeche lake, maana kwenye habari ya wadudu anajua zaidi yangu na sitajifanya.

Watu wengi humwita kila mdudu wa jikoni fukusi. Fukusi wa kweli, yule mwenye pua ndefu kama mkonga, anataka punje nzima. Hutoboa, hutaga ndani, na mtoto wake hukulia humo. Ukimkuta kwenye unga, mara nyingi ni mpita njia aliyetoka kwenye mchele au mahindi ya jirani. Mwenyeji wa unga ni mbawakawa mdogo mwekundu-kahawia, milimita tatu au nne, bapa, mwenye haraka. Wako ndugu wawili wanaofanana sana. Mmoja anaweza kuruka, mwingine hawezi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake, na mayai hayo yana gundi inayonata unga juu yake, kwa hiyo huyaoni. Jikoni kukiwa na joto, yai linakuwa mbawakawa ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Ndiyo maana unga unaweza kuwa safi kwa macho mwezi huu na ukawa soko mwezi ujao bila mfuko kufunguliwa.

Mdudu mmoja au wawili si balaa la kiafya. Hili halipendezi kusikia, lakini karibu unga wote duniani una vipande vya wadudu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka kiwango chake waziwazi: huchukua hatua unga wa ngano unapofikisha wastani wa vipande 75 vya wadudu katika gramu 50. Chini ya hapo ni hali ya maisha, kwa sababu ngano hulimwa shambani, na shamba lina wenyewe. Kwa hiyo mama anapochekecha unga wenye mbawakawa watatu, akaupika ukaiva, hafanyi uzembe.

Ila chekeche lina kikomo, na hapa ndipo nilipogombana naye kwa upole. Mbawakawa wakishakuwa wengi hutoa kemikali ya kujilinda, jamii ya kwinoni. Unga unageuka kuwa na wekundu wa kijivu na harufu kali inayochoma puani, na kemikali hiyo haikai kwenye miguu ya mdudu useme utaikamata na wavu, imeshaingia ungani. Unga wa namna hiyo unatupwa. Vivyo hivyo unga ulioshikana vipande vipande kwa nyuzi nyembamba kama utando: hizo ni kazi za viwavi wa nondo, na kila uzi una kinyesi chake.

Wa kuogopwa zaidi ni yule asiyeonekana. Utitiri wa unga ana ukubwa wa kama nusu milimita tu. Wakiwa wengi huonekana kama vumbi la kahawia kwenye kingo za kopo, vumbi ambalo ukilitazama kwa subira linasogea. Ukifikicha unga huo kati ya vidole unatoa harufu kama ya mnanaa. Kwa watu wengi hakuna neno, lakini mwenye mzio wa utitiri, hasa mwenye pumu au mafua ya mzio, anaweza kula kilichopikwa kwa unga huo na ndani ya dakika chache akavimba, akabanwa kifua, akahitaji kukimbizwa hospitali. Kupika hakusaidii, kwa sababu kinacholeta mzio hakiharibiwi na moto wa jikoni. Nyumba yenye mtu wa mzio haina sababu ya kubahatisha unga wa zamani uliokaa wazi.

Nikamweleza mama haya yote. Akasikiliza, kisha akasema, "Na hiyo ndoo je?"

Ndoo ilikuwa imekaa sakafuni mwa kabati, upande wa bomba. Kwa juu unga ulikuwa mweupe, mzuri, hauna harufu, hauna mdudu. Kama ningeupima kwa macho tu, kati ya ile mitatu huu ndio ningeuchagua. Nikaingiza kijiko hadi chini, kikagonga.

Mabonge ndani ya unga yana lugha yake. Liko bonge linalotokana na unga kukandamizwa na uzito wake mwenyewe. Ukilibana kwa vidole viwili linapukutika mara moja na kuwa unga, wala halina tofauti ya rangi. Hilo halina tatizo. Liko bonge jingine, gumu, linalovunjika kama kipande cha chaki, na ndani yake kuna kiini cheusi zaidi. Na liko lile linalong'ang'ania ukuta wa chombo. Nililolikuta mimi lilikuwa limeshika kona ya ndoo. Nilipoling'oa, chini yake kulikuwa na doa la kijani kibichi cha kijivu, upana wa kucha ya kidole gumba. Mfuniko ulikuwa na ufa mwembamba pembeni. Bomba lilikuwa limeanza kudondosha siku nyingi kabla sijaliona.

"Toa hapo penye ukungu, kinachobaki anika," mama akasema. "Sisi tulianika."

Hapana, mama. Na hapa sikumumunya maneno.

Unga hauozi kwa sababu ni mkavu. Hiyo ndiyo siri yake yote. Kiwango cha kimataifa cha unga wa ngano kinataka unyevu usizidi asilimia 15.5, na unga mwingi huwa chini ya hapo. Katika ukavu huo spora za kuvu, yaani mbegu zake, zipo, tena siku zote zipo, ila zimelala. Zipe unyevu kidogo zinaamka. Na unyevu hauhitaji bomba bovu. Kijiko kilichooshwa kikarudishwa ndani kikiwa na tone moja. Ndoo iliyofunguliwa jirani na sufuria inayochemka. Unga uliotoka kwenye friji ukafunguliwa kabla haujapata joto la chumba, hewa ikatoa jasho juu yake. Mara nyingi aliyeua unga ni mwenye nyumba.

Sasa si kila kuvu ina sumu. Lakini macho hayawezi kutenganisha yenye sumu na isiyo nayo, na unga si kipande cha jibini kigumu ambacho unaweza kukata upande mmoja. Ni vumbi. Kuvu hupitisha nyuzi zake mbali na pale doa linapoonekana, na kila ulipochota ulichanganya. Miongoni mwa kuvu zinazopenda nafaka iko Aspergillus flavus, ambayo jina lake ndilo lililozaa jina la aflatoksini, sumukuvu inayojulikana kuliko zote. Sayansi iliifahamu kwa ajali. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina, hata ukaitwa ugonjwa X. Walipofuatilia wakakuta chanzo ni chakula chao: mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini kwenye kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ini ndilo linaloumia, polepole kwa anayekula kidogo kidogo kwa miaka, na ghafla kwa anayekula nyingi kwa mara moja.

Aflatoksini haina harufu wala ladha utakayoitambua. Moto hauiondoi pia: huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 200 ili ianze kuvunjika sawasawa, wakati katikati ya mkate unaookwa hakuvuki nyuzi 100, na chochote kinachochemshwa kwa maji hakipiti hapo. Kuanika juani kunakausha unga na kufukuza wadudu, ni kweli, na kama unga ulipata unyevu saa chache zilizopita kunaweza kuzuia kuvu kuota. Ila kilichokwishatengenezwa na kuvu kinabaki pale pale, kikiwa kikavu.

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Basi mpe kuku."

"Mama, bata mzinga walikufa kwa hiyo hiyo."

Akacheka kwa sauti, nami nikacheka. Unga ukaingia kwenye mfuko wa plastiki, ukafungwa mdomo kabla ya kutupwa, ili spora zisitawanyike jikoni. Ndoo nikaitupa pia kwa sababu ya ule ufa, ingawa nilikuwa naipenda.

Niliahidi kusema kwa nini mtu asionje unga mbichi, hata ulionunuliwa leo. Nafaka hukua nje, ambako ndege na wanyama hupita, na kusaga hakuui bakteria. Hakuna hatua ya kupika ndani ya kinu. Mwaka 2016 nchini Marekani watu 63 waliugua kutokana na bakteria aina ya E. coli waliokuwa ndani ya unga, na baadhi yao walikuwa wameonja tu donge bichi. Bakteria hao hawaongezeki kwenye unga mkavu, lakini wanaweza kukaa humo miezi mingi wakingoja maji. Umri wa unga hauna uhusiano wowote na hatari hii, na harufu haisemi kitu. Dawa yake ni kuuivisha, na kumnyima mtoto kijiko chenye donge la keki hata akilia. Na asikudanganye mtu kwamba ukiukaanga unga mkavu nyumbani umeusalimisha. Bakteria wakiwa kwenye ukavu huvumilia joto kuliko wakiwa kwenye maji.

Ule unga unaojiumua wenyewe, uliokwishachanganywa na poda ya kuumulia, una shida yake ndogo: unaweza kuwa salama kabisa na bado ukakupa keki bapa kama kigae, kwa kuwa poda imechoka. Tia kijiko kimoja cha unga huo kwenye maji ya moto. Kama hautoi mapovu, utumie kwa kazi isiyohitaji kuumuka.

Jioni fundi alipoondoka nilipanga upya. Chini ya sinki sirudishi chakula tena. Nimenunua mtungi wa kioo wenye mfuniko wa mpira, maana mifuko ya karatasi na plastiki nyepesi wadudu huitoboa. Unga mpya unaoingia nyumbani sasa unapitia friza siku nne hivi ukiwa umefungwa vizuri, muda ambao baridi huua mayai yaliyokuja nao kutoka dukani, kisha unatolewa na kuachwa hadi upate joto la chumba ndipo ufunguliwe. Na nimeacha tabia ya kumimina unga mpya juu ya mabaki ya zamani, tabia iliyonirithisha mbawakawa wa vizazi vitano. Mtungi unaisha, unaoshwa, unakauka kabisa, ndipo unajazwa. Juu ya mfuniko naandika kwa kalamu siku niliyofungua. Majani ya bay, yale ya kiungo, yanayopendekezwa na kila mtu kufukuza wadudu, nimeyajaribu. Mbawakawa walitembea juu yake.

Usiku nikaoka mkate kwa ule unga mweupe wa miezi saba. Uliumuka vizuri, nikamwekea mwenzangu kipande bila kumwambia kitu, akala, akaongeza siagi, akala kingine. Nilimwambia alipofika cha tatu. Akautazama mkate, akanitazama mimi, akaendelea.

Mama alipiga tena kabla hatujalala.

"Umechekecha lakini?"

"Nimechekecha, mama."

"Ukaona nini?"

"Kipande cha karatasi ya pakiti."

"Unaona sasa," akasema, akakata simu.